Mkasi, Mtani na Muhogo wa Mjomba

Siku ya kuniaga, vijana wa maabara mlinipa saa ya ukutani na khanga, kisha mmoja wenu akasimama akasema, "Bi Somoe, tuandikie uliyoyaona." Niliitikia upesi kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Sasa nimekaa nyumbani, pilau limekwisha zamani, na ahadi ni deni. Vyeo na mishahara nimeviruka. Mwenye haja navyo akaulize masjala, maana wao ndio waliokuwa wakivichelewesha.

Kazi yangu kwa maneno mafupi ilikuwa kutafuta makosa. Mwanzoni yalikuwa makosa ya maji machafu na vumbi, baadaye virusi kwenye majani ya muhogo, na miaka ya mwisho yakawa makosa ya mkasi. Mkasi gani, nitafika. Mwenye haraka hii kazi haimfai, ni heri auze vocha.

Niliingia kituoni, kile kituo chetu kidogo cha utafiti wa mazao nje ya Tingi, nikiwa msichana wa kutoka Mtama mwenye viatu vya kisigino na cheti kilichofungwa kwenye nailoni. Kulikuwa na majengo mawili, jenereta moja, kitalu nyumba cha wavu, na mbuzi wa jirani waliokuwa na imani kubwa na sayansi, kwani hawakukosa hata siku moja. Maabara ilikuwa chini ya Fundi Akwilini, Mmakonde mwembamba wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinitazama kuanzia visigino kwenda juu.

"Unajua kuosha vyombo?"

"Najua. Shikamoo."

"Marahaba. Hujui."

Na kweli sikujua. Nyumbani chombo kikisafishika machoni kimesafishika. Kwa Fundi Akwilini chombo kilisuuzwa, kikasuuzwa tena, kikanuswa, kikatazamwa dhidi ya jua, halafu akakirudisha kwenye karai. Mchana nilikuwa nimevua viatu, na jioni nikavipa likizo ya kudumu.

Mzee yule hakuwa mtu wa hotuba. Alinifundisha kuandika majina ya mimea kwa penseli kwenye vipande vya bati laini, kwa kuwa wino hukimbia na karatasi huliwa na konokono, kisha kufunga kibati hicho kwa waya kwenye shina. Kitu kisicho na jina, kwake yeye, kilikuwa takataka. Siku moja alikuta chupa haina jina juu ya meza, akaimwaga yote kwenye sinki. Ilikuwa asali ya mkubwa wa kituo, imetoka Liwale siku hiyo hiyo. Alipoitwa kujieleza alisema tu, "Ningejuaje? Haikuandikwa." Tangu hapo mkubwa akawa anaandika jina hata kwenye chupa ya maji yake ya kunywa.

Alikuwa na neno jingine alilopenda kulirudia kila tulipoona mche umeota majani ya ajabu na mimi nikaanza kutafuta ugonjwa vitabuni. Alikuwa akisema, "Mtoto akikushangaza, usimlaumu kwanza. Mtazame mama yake." Nililisikia mara nyingi mpaka likawa kama kelele ya feni. Alistaafu, akarudi kwao, akafariki, Mungu amrehemu, na neno lile nikalisahau kama tunavyosahau feni mpaka umeme ukatike.

Sasa niwajulishe Mbonde, maana bila yeye habari hii ingekuwa fupi na isiyo na maana. Selemani Mbonde alikuwa mtunza kitalu nyumba, Mmatumbi aliyeoa hapo Tingi, akija kazini kwa baiskeli isiyokuwa na breki wala haya. Mimi Mmwera, na ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Kwa kijana aliyekulia mjini nieleze kidogo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, kukunyang'anya kofia, na siku ya msiba akaingia kaburini akalala humo asitoke mpaka apewe kitu. Wewe ukikasirika, wewe ndiye mkosa. Kitu alichochukua mtani hakikuibwa, kinangoja kukombolewa. Na katika koo zetu mchukuaji hasemi amechukua nini. Ni juu yako kugundua, kumwendea, na kumwomba kwa adabu huku anakucheka.

Siku aliyoajiriwa, alisikia natoka Mtama, akauliza ukoo wangu, kisha akaja kukaa kwenye kiti changu. "Mke wangu, chai iko wapi?" Fundi Akwilini alishusha miwani. Jioni mume wangu wa ndoa alipokuja kunichukua, Mbonde alimpokea kwa mikono miwili akamwambia, "Ahsante kwa kunishikia." Mume wangu ni Mmwera pia, akamjibu kwamba mzigo wenyewe mzito, akitaka auchukue leo. Wakawa marafiki wa kufa na kuzikana, na mimi nikawa napitishwa kati yao kama mpira.

Miaka ikapita hivyo, ndipo akaja Dokta Upendo.

Alikuwa binti wa upande wa Newala, amesoma ng'ambo, mdogo wa umri kiasi kwamba siku ya kwanza mlinzi alimwelekeza chumba cha wanafunzi wa mazoezi. Aliniamkia kila asubuhi kwa magoti nusu, na akifanya kazi alikuwa akivumisha nyimbo za kwaya puani. Alikuja na jambo moja moyoni: michirizi kahawia. Mnaijua. Muhogo unasimama shambani umenawiri, majani yanakuchekea, ukichimba na kuukata ndani umeoza rangi ya kutu. Mama wa watoto anabaki na kisu mkononi na sufuria tupu. Dokta Upendo alikuwa amekulia katika nyumba ya namna hiyo na hakuificha.

Dawa aliyokuja nayo ni kuhariri jeni, yaani kuingiza ndani ya chembe ya muhogo mkasi mdogo usioonekana, unaoelekezwa kukata mahali pamoja tu, pale virusi wanapopatia mlango. Muhogo tuliouchagua ulitoka Mtama, katika shamba la mjomba wangu mwenyewe, Mjomba Hamisi, kwa kuwa ulikuwa mtamu na wenye kuzaa sana, na kasoro yake ilikuwa hiyo michirizi tu. Mjomba alitoa vijiti kwa sharti kwamba tukifaulu, muhogo uitwe kwa jina lake. Dokta Upendo alikubali akiwa mbichi, hajui kwamba jina kamili la mjomba linajaza mstari mzima.

Shida ya mkasi ni utume wake. Mtume mtu Kilwa Masoko, mwambie apeleke barua kwenye nyumba ya mlango wa kijani karibu na msikiti. Atafika. Lakini milango ya kijani ni mingi na misikiti si haba mjini, kwa hiyo huenda akagonga na kwa jirani. Mkasi nao, ukiona mahali panapofanana na ulipoagizwa, unaweza kukata na hapo. Mche utaota vizuri tu, na wewe hujui kwamba ndani kuna kitu kimekatwa ambacho hukukusudia. Kazi yangu ikawa kuitafuta mikato hiyo. Njia ya kwanza ni kuorodhesha nyumba zote zinazofanana na kupiga hodi moja moja, kwenye mashine ya kuzidisha vinasaba na kwenye jeli, ule utelezi ulioganda unaoonyesha vinasaba kama mistari. Njia ya pili, ya gharama, ni kupeleka sampuli nje zikasome mji mzima, nyumba kwa nyumba, halafu unalinganisha mtoto na mama yake asiyehaririwa. Kilichozidi kwa mtoto ndicho unachokitilia shaka.

Hapa vijana niwape moja la kazi. Kila mkipanga vibomba vyenu, kimoja kiwe cha maji matupu. Maji yakionyesha mstari kwenye jeli, msiamini chochote cha siku hiyo. Kuna wiki maji yetu matupu yalionyesha muhogo safari zote. Tulibadilisha maji, tukabadilisha ncha za pipeti, tukaosha meza kwa jiki, Dokta Upendo akaacha kuvumisha kwaya. Mwishowe nikamwona mkubwa wa kituo anapita kukagua, mkono mmoja nyuma, mwingine unachambua muhogo wa kukaanga kutoka mfuko wa koti, akiinamia vibomba vyetu kuuliza maendeleo. Tulimwekea kiti cha heshima nje ya mlango.

Basi miche ikaota kwenye chupa za maabara, kisha tukaihamishia kitaluni. Mmoja ulikuwa mrefu, umenyooka, majani mapana, tukauita Bi Harusi. Kila mgeni alipigwa picha naye. Mwingine ulitoka chupani wa mwisho kabisa, mfupi, umepinda shingo, tukauita Kitindamimba, na hakuna aliyeomba picha naye. Kati yao ilikuwapo mingine ya kawaida. Pembeni, katika ndoo nyeusi, aliishi mama yao, muhogo wa Mjomba Hamisi usioguswa na mkasi, na kibati chenye mwandiko wangu kimefungwa shinani. Tulikuwa na akiba yake kwenye chupa, lakini umeme ulikatika siku za joto, chupa zikaota ukungu wa rangi zote. Mama akabaki wa ndooni peke yake.

Korosho zilipoanza kuanguka mwaka ule, Mjomba Hamisi akafariki. Nilikwenda Mtama kwenye matanga. Kwetu mjomba ndiye mtu, baba ni mgeni mwenye heshima, kwa hiyo nililia kilio cha kweli. Watani walikuja kutoka kila upande, wakalala kaburini, wakavaa kanzu ya marehemu, wakamwigiza anavyokohoa, tukacheka huku machozi yanatoka. Mbonde hakuja. Niliambiwa hakupata mtu wa kumwagilia kitalu. Niliumia. Miaka yote ya kuniita mke wake, na siku ya mjomba wangu hakuonekana.

Niliporudi alinipa pole ya mkono, akabaki akinitazama usoni kama anayesubiri jambo. Nikampita. Wiki ile ile nilichuma majani ya watoto wote na ya mama, nikatoa vinasaba, nikavipakia na barafu, vikasafiri kusomwa.

Majibu ya namna ile hayana haraka. Masika yakaja yakapita. Mbonde katika miezi hiyo akawa mtu wa ajabu. Akimwagilia, anaimba nyimbo za msiba kwa sauti ya harusi. Akinikuta peke yangu ananiuliza kama sijapotelewa na kitu. Nilijibu kwamba nimepotelewa na mjomba. Anatikisa kichwa na kuondoka. Halafu akaanza kutuletea kisamvu cha nazi cha mchana, kimepikwa na mkewe, Bi Fatu.

"Mzee Mbonde, kisamvu hiki kitamu sana," Dokta Upendo alisema siku moja akifuta bakuli kwa kidole. "Majani ya muhogo gani?"

"Wa nyuma ya jiko," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Una ukoo mzuri ule muhogo. Bi Somoe, wewe humtambui mtu kwa kumwonja?"

"Waambie wazidishe nazi," nikamjibu.

Akakusanya mabakuli yake kwa huzuni ambayo sikuielewa.

Majibu yalifika msimu wa pili wa korosho ukikaribia. Dokta Upendo alifungua kompyuta, mimi nikasimama nyuma yake na miwani mbili, moja machoni na moja ya akiba. Tulitegemea kuona tofauti chache za kuchunguza. Zilijaa skrini. Akashuka chini, zimejaa. Akashuka tena. Bi Harusi ana tofauti na mama kila mtaa, Kitindamimba kila mtaa, na wale wengine vivyo hivyo.

Mkubwa wa kituo aliitwa, akasoma akiwa amesimama. Kibali chetu kilisema wazi: mikato isiyokusudiwa ikizidi, miche yote ichomwe. Si mtu mbaya, ila alikuwa na hofu ya barua kutoka juu. "Jumatatu," akasema, "ichomwe yote." Akatoka bila kugusa mfuko wa koti.

Dokta Upendo aliingia chumba cha mafriza. Ni chumba kizuri cha kulilia, kuna baridi na zile mashine zinanguruma mtu hasikiki. Nilimwacha kidogo, nikaingia na kikombe cha chai. Alikuwa amekaa juu ya boksi la glavu. Alisema mama yake nyumbani bado anapanda muhogo ule ule unaooza, na kila akipiga simu anauliza, mwanangu, dawa imefika wapi. Sasa atamwambia ameichoma. Mimi sina maneno mazuri siku za namna hiyo. Nikakaa kwenye boksi la pili, na katika ule mngurumo neno la Fundi Akwilini likanijia lenyewe.

"Mwanangu," nikasema, "mama yao tumemtazama?"

"Tumemsoma mwanzo mwisho, Bi Somoe."

"Tumemsoma. Ila kabla ya kumsoma, tulimwuliza yeye ni nani?"

Alifuta pua, akawa ananitazama bila kuniona. Kisha akainuka, akanipita, akarudi kwenye kompyuta. Nilimkuta anaweka safu za watoto sambamba. Akili ya yule binti ni kitu cha kukitazama ikifanya kazi. "Angalia," akaniambia polepole. "Watoto wote wamekosewa mahali pale pale. Wote. Mkasi ukikosea hukosea ovyo, huku hivi, kule vile. Hauwezi kukosea kwa kupatana hivi. Watoto wote wanafanana. Aliye tofauti ni mama."

Nikawasha mashine. Tulipima zile alama za ukoo ambazo mama na watoto wa kijiti kimoja lazima walingane. Mchana wa Ijumaa jeli ikatoka. Mistari ya watoto imepangika kama waumini safu ya mbele. Mstari wa mama umesimama kando, mgeni asiyejua hata salamu za nyumba ile. Muhogo wa ndooni haukuwa muhogo wa mjomba wangu. Shinani palikuwa na waya mtupu, na mimi mwaka mzima nilipita bila kuinama kusoma kibati.

Mkubwa alipoiona jeli alibadilika rangi. Akasema hii ni hujuma, kuna mtu amelipwa, aitwe polisi, wavu ufungwe kufuli. Dokta Upendo alipiga simu Mtama kuomba vijiti vingine. Binamu yangu akajibu kwa furaha kwamba wapwa wamegawana shamba la marehemu, wameng'oa mihogo yote, wamepanda ufuta, na ufuta umekubali. Kwa hiyo mama wa kweli alikuwa ameibwa na hakuna mwingine, na Jumatatu haikuahirishwa.

Mbonde alikuwa dirishani na kopo la kumwagilia. Akaliweka chini.

"Mmegundua?" akaniuliza.

"Tumegundua nini?"

"Kwamba siye."

"Siye, ndiyo."

Akageuza ndoo, akaikalia, akainua viganja juu. "Alhamdulillahi. Nilidhani nitakufa kabla ya wewe kugundua. Mwaka mzima, mwanamke, mwaka mzima nakulisha majani yake na huoni?"

Jenereta lilisikika vizuri.

"Mimi sikuweza kuja Mtama," akaendelea, na sasa alikuwa anazungumza na mimi tu. "Nani angemwagilia? Lakini mjomba wa mtani wangu azikwe, nami nikae nisichukue kitu? Ningekutazamaje? Kitu cha marehemu kilichokuwa hapa kilikuwa ule muhogo basi. Nikauchukua. Nikatia wa shambani kwangu unaofanana nao, ili ukirudi uone, ucheke kidogo, uje unikomboe. Hukuja."

"Mzee Mbonde," mkubwa akasema, "una maana uliiba mali ya utafiti?"

Mbonde alisimama. Sijawahi kumwona ameudhika namna ile. "Mkubwa, mimi si mwizi. Mimi ni mtani."

Najua mnategemea niseme nilikasirika. Sikuweza. Mwaka mzima nilikuwa nimembebea kinyongo kwamba hakumlilia mjomba wangu, kumbe alimlilia kwa namna aliyoijua, na akakaa akisubiri nimwone. Nililia pale pale mbele ya jeli. Kisha nikapiga goti, kama desturi inavyotaka, nikamwuliza anataka nini ili amtoe mama.

Alifikiri kwa raha zake. Alitaka shamba lake la nyuma ya nyumba lipaliliwe, tena na maabara nzima, tena na makoti meupe. "Na mkubwa pia," akaongeza. "Kaniita mwizi."

Jumamosi watu wa Tingi waliona kitu ambacho wanakisimulia mpaka leo. Dokta Upendo aling'ang'ana na jembe akivumisha kwaya. Mkubwa alipalilia mstari mmoja, kiatu kikabaki kwenye tope, akapalilia wa pili na soksi. Mbonde alikuwa kwenye mkeka, akiagiza. "Mke wangu, hapo umeacha jani." Tulipomaliza nikaenda nyuma ya jiko na boksi la barafu. Palikuwa na shimo.

"Ule muhogo?" Bi Fatu akasema. "Nimeung'oa asubuhi. Nimeambiwa wageni wanakuja kulima, ningewapikia nini? Nusu yake nimetupa, umeoza kahawia ndani."

Mbonde alinyanyuka mkekani.

"Na miti yake, mama?" Dokta Upendo akauliza. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Nimetia mekoni."

Msichana wa watu aliingia jikoni na koti lake jeupe kama zima moto. Kulikuwa na moshi wa kutosha kijiji. Na huo moshi ndio uliotuokoa, kwa kuwa mti mbichi wa muhogo hauwaki, unakasirika tu. Bi Fatu alikuwa ameshauchoka, akautupa nje kwa kuku kupitia mlango wa pili. Tuliukuta chini ya banda, ncha moja nyeusi inafuka, ncha ya pili ina majani mawili yaliyonyauka. Kibati changu cha penseli kilikuwa bado kimefungwa. Nilimwuliza Mbonde mbona hakukitoa. Akasema jina la mtu halivuliwi kwa sababu amehama nyumba.

Jani moja likaingia kwenye barafu. Kijiti chenye kibati tulimwachia Bi Fatu akichomeke tena pale pale, na kipande kingine tukarudi nacho. Kisha tulikaa tukala ule muhogo uliochemshwa na chukuchuku ya samaki, mchuzi mtupu wa ndimu na chumvi. Tulikula sehemu iliyopona. Dokta Upendo alikuwa anatazama vile vipande vya kahawia vilivyotupwa kwa kuku, na hakuna aliyehitaji kumweleza kwa nini tunafanya kazi hii.

Jumatatu mkubwa aliahirisha moto, na soksi zake sikuwahi kuziona tena. Jeli ikathibitisha: mama ni huyu. Tukapeleka sampuli yake isomwe, tukasubiri tena, safari hii wavu ukiwa na kufuli na Mbonde akiwa na ufunguo, maana hakuna aliyefaa zaidi.

Majibu yaliporudi, zile tofauti za kila mtaa zilitoweka kama hazijawahi kuwapo. Maabara ilishangilia, mtu akaenda kununua soda. Mimi niliendelea kushuka na orodha, kwa mazoea ya kutafuta makosa hata sikukuu. Katika Bi Harusi ilibaki tofauti moja. Ilikuwa mahali panapofanana sana na ulipoagizwa mkasi. Ramani ya muhogo tuliyokuwa tukiitumia haikuonyesha nyumba hiyo, ndiyo maana hatukuipigia hodi. Ilikuwa nyumba iliyopo kwa muhogo wa Mjomba Hamisi tu. Bila mama wa kweli tusingeiona kamwe.

Nilirudia kipimo kwa jani jipya. Nikarudia kwa jani jingine. Soda yangu ikapoteza gesi. Halafu nikamwita Dokta Upendo kando, nikamwonyesha kwa kidole.

Alisogeza uso kwenye orodha. "Bi Harusi," akasema.

"Ndiye."

"Na wengine?"

"Wawili watatu wana mashaka madogo. Kitindamimba ni safi. Hana hata mkwaruzo."

Alicheka, na machozi yalikuwapo. "Yule aliyepinda shingo."

"Yule."

Tulimchoma Bi Harusi katika tanuru letu. Mbonde alivaa kofia ya Ijumaa, akatoa hotuba fupi, kwamba marehemu alikuwa mzuri wa sura na hakuwa na hatia, kosa lilikuwa la fundi cherehani. Kitindamimba mnamjua. Ndiye mnayempima sasa katika shamba la uzio, ameshaingizwa virusi kwa makusudi mara kadhaa, na mizizi yake mkiikata ni myeupe. Shingo haijanyooka mpaka leo. Jina la mjomba wangu linasubiri kibao kirefu.

Mbonde alifariki mwaka wangu wa mwisho kazini. Aliugua kidogo, akaondoka. Nilikwenda Tingi asubuhi, na safari hii sikuwa mfiwa, nilikuwa mtani, nina kazi ya kufanya. Nilikalia baiskeli yake uani na kuigiza anavyokosa breki. Niliwaambia waombolezaji kwamba mimi ndiye mke mkubwa, Bi Fatu anipishe mkeka. Bi Fatu akanipisha, akacheka mpaka akanishika bega, kisha tukalia wote wawili. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile, na mimi nimefanya kazi na mkasi usioonekana.

Watu walipokwenda makaburini nikapita nyuma ya jiko. Ule muhogo ulikuwa umesimama, mrefu kuliko paa, na kibati kinaning'inia. Nikaukata juu ya ardhi, wote. Pale nikachomeka kijiti cha muhogo mwingine unaofanana nao, nikafunga waya mtupu, nikaondoka na vijiti vyake na kibati ndani ya khanga.

Sasa uko hapa Mtama, karibu na mlango wa jiko langu, na kibati ni kile kile, nimepitisha penseli juu ya maandishi ya zamani. Siku umeme ukikatika na chupa zenu zikaota ukungu, mama yupo. Njooni na barafu. Kama watoto wa Mbonde watawauliza, hamjui lolote. Kila nikipita Tingi nawapelekea kisamvu, wanakula, wanasifu, wanasema nizidishe nazi. Sisemi kitu. Nasubiri waje wanikomboe, kama baba yao alivyonisubiri.